Wapeni wasichana wa singeli maiki mchana kweupe

Waheshimiwa mameneja wa vipindi vya redio, waandaaji wa matamasha, na viongozi wa Baraza la Sanaa la Taifa,

Salaam kwenu. Kwa walionizidi umri, shikamooni.

Nawaandikia kuhusu singeli, na ndani ya singeli nina jambo moja: nani anashika maiki muziki unapopigwa laivu. Haya nimekwisha kuyasema ofisini kwa baadhi yenu, nimeyasema kwenye korido za studio na kwenye simu, na kila mara nimejibiwa kwamba ni wazo zuri, litaangaliwa. Miaka inakwenda. Wasichana niliokuwa nikiwasemea wengine wameolewa na kuambiwa waache, wengine wanauza mitumba, na waliobaki wanachana, yaani wanarap, chumbani mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo leo nayasema mbele ya watu.

Mnajua muziki huu ulikotoka, lakini nitarudia kidogo kwa sababu hoja yangu imekaa humo. Singeli ni mtoto wa uswahilini: Manzese, Tandale, Mburahati, Kigogo, Mbagala. Mchiriku, muziki wa mtaani wa vinanda vidogo vya Casio, ulikuwepo kabla yake, na taarab ya kisasa ilikuwa inalia kila uwani. Vijana wakachukua kipande cha taarab, pale mwimbaji alipopumzika na kinanda kikabaki peke yake, wakakizungusha, wakakikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika, wengine hadi 300. Juu ya kasi hiyo MC anachana. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo vijana wetu wamekuwa wakipanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasioelewa neno hata moja lakini wanacheza mpaka jasho linawatiririka. Nafurahi kila ninapoona picha hizo. Halafu natazama jukwaani natafuta sura ya mwanamke mwenye maiki, simuoni.

MC wa singeli hafundwi studio. Anafundwa kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha. Saa nane usiku, uchochoro umezibwa kwa turubai, jenereta inanguruma nyuma ya choo, spika zimepandishwa moja juu ya nyingine na kufungwa kamba. DJ amekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta iko juu ya meza ya kusukumia chapati, kidole kimoja hakitoki kwenye kitufe cha kurudisha kipande mwanzo. MC ameshika maiki iliyoviringishwa kitambaa kwa sababu wavu wake ulishatoka siku nyingi. Anachana dakika kumi, ishirini, hasimami. Anataja majina ya waliotoa hela, anamtania fundi cherehani wa mtaa, anamsifu bibi harusi, anamjibu aliyemzomea. Pumzi ikimkata anampa mwenzake maiki, anapiga funda la maji, anaichukua tena. Kijana akikesha hivyo mwaka mzima, mtaa mmoja baada ya mwingine, ameiva. Vina vinamtoka kabla hajavifikiria.

Hafla yenyewe ni ya nani? Ni ya mama anayeoza binti yake, au mwali anatolewa. Wanawake ndio waliochanga, wameshona sare, wamepika pilau, wamemtafuta DJ na kubishana naye bei, na asubuhi ndio watakaofagia. Wanaocheza mbele ya spika wengi ni wao. Ukiwaondoa wanawake, kigodoro hakipo. Lakini maiki inazunguka kwa wanaume tangu saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri, na mwanamke akiisogelea anaambiwa ashuke akate mauno, huko ndiko kwake.

Sababu zinajulikana, na sitawadanganya kwamba zote ni roho mbaya ya mtu. Usiku ni usiku. Msichana wa miaka kumi na tisa akionekana saa tisa ameshika maiki katikati ya wanaume, kesho yake mtaa mzima una jina la kumpa. Kaka yake atamfuata na mkanda. Anaporudi nyumbani, vichochoro ni vilevile alimokabwa jirani yake. Na pale kwenye maiki penyewe, wanaomzunguka hawamshiki mkono tu. Mzazi anayemkataza siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nina binti.

Matokeo yake ni kwamba msichana hapati ile mikesha ya kumfunda. Hapati pumzi, hapati mazoea ya kujibu papo kwa papo. Akija mbele yenu akiwa na mashairi mazuri lakini anayumba kwenye kasi, mnasema, "Unaona? Mwanamke haiwezi spidi." Amenyimwa shule, halafu anafelishwa mtihani.

Sasa nakuja kwenu watu wa redio, maana kwenye hili ninyi ndio wenye ufunguo.

Singeli ilipokuwa bado inaitwa muziki wa wahuni, ni redio iliyoitoa uchochoroni. EFM ya Dar es Salaam iliibeba mapema, ikaipiga kila siku, ikawaita ma-MC studio, na wenzake waliokuwa wakiicheka wakafuata. Kina Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba walijulikana nchi nzima. Nawashukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Najua wenye matangazo walivyonung'unika siku za mwanzo.

Na kuna jambo mlilifanya hapo ambalo sidhani kama mmelitazama vizuri. Mlipomwita MC studio, DJ akaachia biti, kijana akachana mitindo huru, yaani papo kwa papo, hewani, mlihamisha kigodoro kutoka usiku mkaweka mchana. Studio ina mlango, ina mlinzi getini, ina taa. Inafikika kwa daladala saa tisa alasiri, na mtu akarudi kwao kabla ya magharibi. Mama yake anamsikia jikoni. Vile vizuizi vyote nilivyovitaja, giza, vichochoro, mikono ya watu, maneno ya mtaa, pale havipo au vimepungua sana. Ni nafasi pekee katika muziki huu ambapo msichana anaweza kujifunza kuchana laivu bila kuhatarisha mwili wake wala jina lake. Nafasi hiyo mkawapa tena wanaume, ambao usiku wote ulikuwa tayari ni wao.

Nitasema nilichokiona, kituo sikitaji. Binti mmoja wa Mbagala alialikwa kwenye kipindi cha mitindo huru pamoja na wavulana wanne. Alikuja mapema kuliko wote, biti yake iko kwenye flashi, ameifanyia mazoezi. Wavulana wakachana mmoja mmoja, kila mmoja akaulizwa anatoka mtaa gani na nani alimfundisha. Ilipofika zamu yake mtangazaji alianza kwa kumuuliza kama ana mtu. Akamuuliza kama hizo nywele ni zake. Akamwomba asimame wasikilizaji "wajue" umbo lake, naye akalisimulia hewani huku wenzake wakicheka. Flashi haikuchomekwa, DJ alimwekea biti aliyoichagua mwenyewe, ya kasi kuliko zote zilizopigwa siku ile. Alianza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akavuta pumzi mahali pasipofaa, mtangazaji akaingia juu yake na kicheko, wakaenda kwenye tangazo. Kipindi kiliporudi, maiki ilikuwa kwa mvulana. Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Binti alikaa kimya mpaka mwisho, akasalimia kila mtu kwa adabu, akaondoka. Hajarudi kwenye redio yoyote.

Mtu akiniambia hiyo ni bahati mbaya ya siku moja, namwomba asikilize vipindi vyetu kwa wiki mbili tu. Mwanamuziki wa kiume anaulizwa kazi. Wa kike anaulizwa mwili na mahusiano. Hata anayekuja na wimbo mpya atatoka hapo wimbo haujazungumzwa, ila mnajua aliachana na nani. Watangazaji wa kike nao nimewasikia wakiuliza hivyohivyo, kwa sababu ndivyo walivyokuta meza inaendeshwa.

Kuhusu hiyo kasi wanayosema wanawake hawaiwezi: hapo Kampala yuko MC Yallah, mwenye asili ya Kenya na Uganda, anayechana kwa Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza juu ya biti ambazo wanaume wengi wangeomba zipunguzwe. Anapanda majukwaa makubwa ya Ulaya na maiki yake. Alianza kurap mwishoni mwa miaka ya 1990 na akapita miaka mingi ya kutosikilizwa. Hapohapo Kampala DJ Rachael alikuwa akichezesha diski klabu tangu miaka ya 1990, wakati wengine walikuwa bado wanauliza kama mwanamke anaruhusiwa kugusa mashine, na baadaye akaanzisha mradi wa Femme Electronic ili wasichana wafundishwe. DJ Kampire anazunguka dunia akichanganya muziki wa Afrika yetu hii, kuanzia soukous ya Kongo mpaka singeli. Hao ni majirani zetu, si watu wa sayari nyingine. Tofauti yao na binti wa Mbagala ni kwamba kuna mahali walipewa muda wa kukosea.

Na sisi wenyewe tusijifanye tumesahau. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, Zanzibar, alivuka bahari kwenda Bombay akarekodi santuri, na Afrika Mashariki nzima ikamsikia. Wanawake waandishi wa habari wa TAMWA walipotaka jina la jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Bi Shakila Said aliimba taarab na Black Star ya Tanga, baadaye na JKT Taarab, na kwa miaka mingi sauti yake ilikuwa ndiyo saa ya jioni redioni. Bi Kidude alipiga ngoma za unyago na kuimba taarab mpaka uzeeni, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki. Khadija Kopa alipopanda na kikundi cha taarab cha TOT, hakuna mwanaume aliyethubutu kumwambia ashuke akacheze. Taarab ambayo singeli imeikatakata na kuizungusha ilikuwa na sauti ya mwanamke katikati yake. Kipande kikachukuliwa, sauti ikaachwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayesema singeli kwa asili ni ya wanaume anasimama juu ya kinanda kilichokuwa kikimsindikiza mwanamke.

Hata hoja ya mashine ilikwisha kujibiwa Zanzibar. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mwanamke wa taarab kazi yake ni kuimba, ala waachiwe wanaume. Bi Mariam Hamdani na wenzake wakaanzisha kikundi cha Tausi mwaka 2009, wanawake watupu, wakashika udi, fidla, kanuni na akodiani wenyewe. Wakapiga. Leo ninaposikia prodyuza anasema msichana hawezi kukaa kwenye kompyuta usiku kutengeneza biti, nasikia neno lilelile limebadilishwa chombo tu.

Waandaaji wa matamasha, zamu yenu. Mnajitetea kwamba kwenye shoo zenu wanawake wapo, na ni kweli wapo: nyuma ya MC, wanne au sita, wamevaa sare, wanacheza kwa nguvu kuliko mtu yeyote pale jukwaani. Kwenye bango majina yao hayapo. Malipo yao yanapitia kwa MC, anayewakatia anachotaka. Shoo ikiisha saa kumi usiku, MC ana gari, wao wanajitafutia bodaboda wakiwa na zile nguo za jukwaani chini ya khanga. Sisemi dansa si msanii. Ni msanii kamili, na ndiyo maana nataka jina lake liandikwe, alipwe mkononi mwake, na apelekwe mpaka mlangoni kwao. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji gari moja na karatasi ya malipo.

Lakini kuwapo kwa madansa kusiwe jibu ninapouliza kuhusu ma-MC na ma-DJ. Huko Ulaya mnakotaka kupeleka vijana, mtandao wa wasanii wanawake wa female:pressure umekuwa ukihesabu nani anapanda majukwaa ya muziki wa elektroniki. Mwaka 2012 walikuta wanawake ni asilimia 9.2 ya waliopanda. Mwaka 2020 na 2021 ilikuwa asilimia 26.9. Bado ni kidogo, ila imepanda karibu mara tatu, na kuhesabu kwenyewe kumesaidia, kwa sababu mwandaaji anayejua orodha yake itasomwa huanza kuitazama kabla haijatoka. Sisi hatuhesabu. Naomba kila tamasha linalopata kibali litoe orodha ya waliopanda, ikionyesha wanawake wangapi walishika maiki, wangapi walikaa kwenye mashine, na wangapi walicheza. Ya redio pia iwepo, ya wiki kwa wiki.

Sasa Baraza. Sheria iliyowaunda ni ya mwaka 1984, na kazi yake ya kwanza ni kufufua na kukuza sanaa. Wasanii wengi wa singeli wa uswahilini wanawajua kwa adhabu. Siwaombi mzidishe marufuku. Kila mara viongozi wa mikoa na wilaya wanapopiga marufuku vigodoro, anayeumia kwanza ni yule yule dansa ambaye video yake imesambazwa. Anaitwa mhuni, anafukuzwa alikopanga, na aliyeimba maneno yaliyomdhalilisha anaendelea na shoo Jumamosi inayofuata. Aliyemrekodi bila ridhaa yake haulizwi chochote. Mkitaka kugusa maadili, anzieni kwa mwenye nguvu.

Na mwenye nguvu mara nyingine anakaa kwenye kiti cha redio au studio. Wasichana wananiambia mambo ambayo siwezi kuyaandika yote hapa: wimbo utapigwa ukija jioni peke yako, biti utapata bure tukielewana. Hiyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitambua kuwa kosa. Msichana wa Tandale hajui kifungu hicho. Mjulisheni siku anapokuja kujisajili kwenu, kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na namba ya kupiga na jina la mwanamke atakayepokea. Nanyi wenye vituo, karatasi hiyo ibandikwe mlangoni mwa studio kila mtu anapopita, bosi akiwemo.

Mashairi yenyewe? Ndiyo, yapo yanayotukana wanawake, na nikiyasikia nazima redio. Ila simwamini anayesema dawa ni kuyafungia. Mipasho ya taarab ilikuwa mikali, na ilikuwa na raha kwa sababu anayepigwa kijembe alikuwa na jukwaa la kujibu wiki inayofuata. Kwenye singeli mwanamke anaimbwa, hajibu. Mpeni maiki muone hayo matusi yatakavyojibiwa, na jinsi waimbaji watakavyoanza kufikiri mara mbili.

Ninachoomba kwa redio ni kidogo, na bajeti yake mnayo. Saa moja kwa wiki, mchana, ya kuchana laivu kwa wasichana, si siku ya Machi 8 tu mnapovaa kitenge na kupiga picha. Iwe kila wiki, kwa mwaka mzima, kwa sababu pumzi haipatikani kwa siku moja. Biti iwe ile aliyokuja nayo mwenyewe. Akikosea aachwe amalize, kama mvulana anavyoachwa. Nauli alipwe, maana anayetoka Chamazi kwenda studio na kurudi ametumia hela ya chakula cha nyumbani. Nyuma ya mashine awekwe msichana anayejifunza, akae hapo na DJ wenu mpaka azoee. Na mtangazaji asiulize habari za nani analala na nani.

Msiseme hawapo. Nina majina ya waliokubali niwasemee, kutoka Temeke, Kinondoni na Ubungo, na wazazi wa baadhi yao nimekaa nao wakasema mchana wataruhusu. Meneja wa kwanza atakayetenga hiyo saa nitampelekea orodha siku hiyohiyo, na wiki ya kwanza nitakuja nao mwenyewe, nikae nao mpaka kipindi kiishe. Jibu lenu, liwe ndiyo au hapana, naomba mlitoe hewani, kwa sababu wanaolisubiri hawapati barua, wanasikiliza redio.

Wasalaam,
Mwandaaji wa vipindi vya muziki, Dar es Salaam